Bati Lilifika, Dari Ikabaki Njiani

Mwanza iko takribani mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, ukingoni mwa ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Hali yake ya hewa ni ya kuonewa wivu na watu wa Dar es Salaam. Joto la mchana kwa kawaida huishia nyuzi 28 au 29, usiku hushuka mpaka 17 au 18, na alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Hata hivyo, saa tatu usiku mwezi wa Septemba, nyumba nyingi za kata ya Mkolani, ndani ya jiji hilo, huwa zimehamia uani: watoto wamejilaza mkekani, watu wazima wanangoja vyumba vipoe. Nje pamepoa, ndani bado panafukuta. Lawama ya joto hilo haiwezi kubebeshwa ziwa wala jua peke yake. Limejengwa, bati kwa bati na tofali kwa tofali, kwa muda wa karibu miaka mia. Kwa kuwa limejengwa, linaweza kuchunguzwa kama fundi anavyochunguza mtambo uliogoma, kwa kuuliza ni sehemu ipi iliyotolewa, ilitolewa lini, na mahali pake paliwekwa nini.

Mtambo wa kwanza ulikuwa msonge. Kumbukumbu yake imehifadhiwa Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyofunguliwa mwaka 1968 kwa juhudi za Padre David Clement. Nyumba ya jadi ya Kisukuma ilikuwa ya duara, ukuta wa miti na udongo, paa la nyasi lililochongoka na kushuka chini sana pembeni. Nyasi zilizoezekwa kwa unene hushika hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida mno, hivyo jua la saa sita huishia upande wa juu. Upenu mrefu uliuweka ukuta kivulini karibu siku nzima, na mwanya kati ya ukuta na paa ukatoa hewa ya moto pamoja na moshi. Usiku wa baridi wa Juni na Julai, moto wa ndani ndio uliopasha nyumba joto, na moshi uleule ukazikausha nyasi na kufukuza wadudu waharibifu. Kupoza na kupasha joto vilikuwa kazi ya nyumba yenyewe. Hakuna haja ya kuitukuza kupita kiasi: ilikuwa na giza, moshi uliumiza macho na mapafu, panya walifanya makao paani kwake, cheche moja iliweza kuiteketeza, na kila baada ya miaka michache ilibidi iezekwe upya. Watu walioiacha hawakuwa wajinga.

Bati la migongo lilibuniwa London na Henry Robinson Palmer mwaka 1829, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukipaka chuma zinki kisishike kutu. Kwa hiyo bati lilikuwa limeshazoeleka duniani wakati Wajerumani walipoanzisha kituo chao Mwanza mwaka 1892. Huku lilikuwa mali ya wachache kwa sababu njia ilikuwa ndefu. Mzigo ulibebwa na wapagazi kutoka pwani, au, baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901, ukavushwa ziwani kwa meli. Reli ya kutoka Tabora iliingia Mwanza mwaka 1928. Uchache huo wa bati umebaki kwenye majina: wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, ina kata inayoitwa Mabatini, na jina la namna hiyo halipewi mahali ambapo kila paa la jirani ni la bati. Linalosahaulika ni kwamba maofisa wa kikoloni katika miji ya Afrika Mashariki hawakuezeka bati peke yake. Chini yake waliweka dari ya mbao, mbali sana na sakafu, nyumba wakaizungushia baraza pana, na juu ukutani wakaacha matundu ya hewa. Baadhi ya mambo hayo yalikuwa ya kale huku kwetu kabla hawajafika. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa na baraza pande zote. Kwa maofisa hao bati lilikuwa ngozi ya nje ya mtambo wenye tabaka kadhaa. Mwananchi wa kawaida, bati lilipomfikia, alipata ngozi tu.

Fedha ya kulinunua ilitoka shambani. Pamba ya Usukuma, iliyouzwa kupitia vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 katika Victoria Federation chini ya Paul Bomani, ilimpa mkulima pesa taslimu, na bati likawa alama ya kwamba pesa hiyo imetua mahali. Kisha vifaa vikaanza kutengenezwa nchini: kiwanda cha ALAF Dar es Salaam kilianza mwaka 1960, na saruji ya Wazo Hill mwaka 1966. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilizipanga nyumba kwenye mistari iliyofuata barabara, na tangu hapo barabara, badala ya upepo, ndiyo iliyoamua mlango utazame wapi. Viwanja vya mjini vinapimwa hivyo mpaka leo. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alisikitika kuona watu wakingoja bati na udongo ulaya, yaani saruji, huku tofali za kuchoma na vigae wanaweza kujitengenezea wenyewe. Kuhusu joto, alikuwa na hoja nzito, kwani kigae cha udongo ni kinene na hakishiki moto upesi kama bati. Lakini sababu za mwananchi nazo zilikuwa na uzito ambao tathmini ile haikuupima vya kutosha. Kigae kinadai kenchi imara, kuni nyingi za kuchomea na fundi anayekijua. Bati huezekwa kwa siku mbili, na mvua ya kwanza inajaza pipa kwa maji safi. Bati lilistahili kushinda. Kosa ni kwamba lilishinda peke yake, na dari, upenu na matundu vikahesabiwa kuwa anasa ya kuongezwa siku pesa zikipatikana.

Nyumba yenye joto hutambuliwa ugonjwa wake kwa saa. Ikianza kuchoma saa nne asubuhi na kutulia mara jua linapozama, mkosaji ni bati. Ni jembamba, halina akiba, linapata moto ndani ya dakika na kupoa ndani ya dakika. Usiku usio na mawingu hupoa kuliko hata hewa inayolizunguka, na ndiyo maana alfajiri hutoa jasho na kudondosha matone. Nyumba ikipanda polepole, ikafika kileleni saa moja jioni na kuendelea kufukuta mpaka usiku wa manane, ugonjwa uko ukutani: tofali za saruji zimekunywa jua mchana kutwa na sasa zinalirudisha ndani. Majabali ya Mwanza hufanya vivyo hivyo, na nyumba iliyoegemea jiwe hupokea joto la jiwe. Ikiwa ni chumba kimoja tu kinachochoma alasiri, tazama dirisha la magharibi. Na kama majani ya mwembe nje yanatikisika huku pazia limetulia, upepo umefika ila hauna pa kutokea, kwa sababu hewa haiingii chumba ambacho haiwezi kukitoka. Mkolani ina mtihani wake hapa. Ghuba ya Mwanza iko upande wa magharibi, kwa hiyo upepo wa ziwa wa alasiri na jua kali la jioni vinatoka upande mmoja. Ukiziba dirisha umefukuza vyote viwili, ukiliacha wazi bila kivuli umevikaribisha vyote.

Dawa inafuata ugonjwa. Jua hupita utosini mwa Mwanza mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, na kwa hiyo paa ndilo linalobeba mzigo mkubwa kuliko ukuta wowote. Dari ndiyo tiba ya kwanza, lakini dari iliyofungwa pande zote hugeuza nafasi ya juu yake kuwa chungu chenye kifuniko: mchana kutwa kinachemka, na jipsamu ya dari yenyewe inaanza kurusha joto chini. Hewa ile inahitaji matundu kwenye pembetatu za paa na chini ya upenu, yenye wavu wa kuzuia popo, na wavu huo usafishwe unapoziba kwa vumbi na utando wa buibui. Bati jipya linalong'aa hurudisha sehemu kubwa ya jua. Likiingia kutu hulimeza. Kulipaka rangi nyeupe ni matengenezo ya mtambo wa kupoza, ingawa wengi huyaona kuwa urembo.

Mji umekwenda kinyume. Sensa ya 1967 ilikuta Mwanza watu wasiofika 35,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni moja katika wilaya za Nyamagana na Ilemela, na Mkolani, iliyokuwa pembezoni kwenye barabara ya Shinyanga, sasa inajengwa kila mwezi. Madirisha ya luva, ambayo kwa ubaya wake wote yalifunguka karibu yote, yamepisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hayafunguki zaidi ya nusu. Bati la rangi ya kukoza limependwa kuliko la kung'aa. Mtindo wa kuficha bati nyuma ya ukuta umeufuta upenu kabisa, hata ukuta mzima unasimama juani tangu asubuhi. Mtindo huo unaifanya nyumba iwe nadhifu kuitazama, na ni haki ya mwenye nyumba kuupenda. Ila ajue kwamba amenunua joto pamoja nao.

Hapo ndipo kiyoyozi kinapoitwa. Willis Carrier alichora mtambo wake mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa unaharibu karatasi. Raha ya binadamu ilikuja baadaye. Kazi ya kiyoyozi ni kuhamisha joto kutoka ndani kwenda nje, kwa gesi inayozunguka kwenye mabomba yaliyofungwa. Gesi hiyo haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na fundi anayejaza kila mwaka bila kutafuta tundu anauza dawa ya maumivu kwa mwenye jeraha. Uvujaji huo una madhara makubwa. Gesi iitwayo R-410A hupasha dunia joto karibu mara 2,000 kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule, na gesi za jamii hiyo ndizo zilizoyakutanisha mataifa Kigali mwaka 2016 kukubaliana kuzipunguza. Kiyoyozi kisichopoza mara nyingi kinadai mambo mepesi zaidi: chujio lioshwe, mashine ya nje iondolewe vumbi na iwekwe kivulini. Feni iliyopunguza mwendo kwa kawaida imechoka kapasita, kifaa cha bei ndogo. Kwa upande wa umeme, kiyoyozi cha chumba kinachovuta wati 800 kwa saa nne kila siku kinakula uniti 96 kwa mwezi, wakati feni ya wati 60 kwa muda huohuo haifiki uniti nane. Chini ya bati lisilo na dari, sehemu kubwa ya uniti hizo 96 inapigana na bati.

Wapo watakaosema kwamba dunia nzima inapata joto, hivyo lawama kwa paa ni ya kukwepa jambo lenyewe. Joto la dunia limepanda kweli. Lakini tofauti kati ya chumba na uani kwake, saa ileile, haiwezi kuelezwa na hali ya hewa, maana hewa ni moja. Na kadiri nje panavyozidi kupata joto, ndivyo kosa la paa linavyozidi kuumiza. Pingamizi zito zaidi ni la mbu. Mianya ya chini ya paa ni mlango mkuu wa mbu wa malaria, na Kanda ya Ziwa haina ruhusa ya kusahau malaria. Jibu limejaribiwa nchini. Katika kijiji cha Magoda, Muheza, nyumba sita za mfano zenye kuta za kupitisha hewa na nyavu zilijengwa na kupimwa. Zilikuwa na ubaridi zaidi na mbu wachache kuliko za kawaida, na baadaye wazo hilo lilipelekwa Mtwara kwa nyumba 110. Pia mtu anayelala mahali penye ubaridi haondoi chandarua usiku. Wezi nao ni hoja ya kweli, kwa kuwa dirisha la chini lililo wazi usiku ni hatari. Tundu la juu ya lenta, lenye nondo na wavu, mwizi hapiti, na hewa ya moto hutokea hapohapo. Gharama ndiyo hoja ngumu kuliko zote, kwani anayejenga kwa mshahara wa mwezi hawezi kulipia dari siku moja na bati. Anachoweza ni kuchagua mapema, kabla ya kupaua, vitu ambavyo havirudiwi.

Upenu ni kimojawapo. Kwa nyumba ya kawaida ya Mkolani mwishoni mwa Septemba, upenu wa sentimita 30 huacha dirisha la magharibi liguswe na jua muda mfupi baada ya saa saba mchana. Baraza lenye upana wa mita 2 hulifunika dirisha hilohilo mpaka karibu saa kumi, na wakati huo upepo wa ziwa unaingia kwa nguvu.