Moto uliokataa kuwaka

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wana historia yao, na hawaihesabu kwa karne kama sisi tuliokalia madawati. Wanaihesabu kwa aina za watu.

Wa kwanza ni akakaanebe: majitu yenye manyoya mwili mzima, hayana nyumba wala silaha. Walimkazia macho mnyama mpaka akaanguka akafa, wakamla mbichi, wakalala chini ya mti. Wakafuata xhaaxhaanebe, majitu vilevile ila bila manyoya. Hawa walikaa mapangoni, wakachoma nyama, na iliwabidi wawinde kwa mbwa maana wanyama walikwishamshtukia binadamu. Kisha wakaja hamakwabe, wadogo kwa umbo, wenye upinde na vibanda, waliobadilishana vitu na wageni ili wapate chuma. Wa leo ni hamaishonebe.

Daniel Ndagala na mwenzake Zengu waliandika juu ya simulizi hizi mwaka 1994. Mimi kilichonikamata ni swali moja tu: kwa nini wale wa kwanza walikula nyama mbichi?

Hadithi ya zamani inajibu kwamba moto haukuweza kuwaka. Dunia yenyewe ilikuwa bado haijafika hali ya kuruhusu moto. Vijana waliopita shule wanajibu tofauti: hawakujua kuuwasha.

Utasema ni jambo dogo. Hapana! Katika jibu la kwanza babu hana kosa, dunia ndiyo ilikuwa nyingine. Katika la pili babu amekuwa mjinga. Na tunajua jibu hilo limetoka wapi: Zama za Mawe za Kale, za Kati, za Mwisho, halafu Chuma. Wengi wetu tulikariri ngazi hiyo tukafaulu mtihani, basi. Mtoto wa Kihadzabe anaikariri huku watu wa nje wakimwambia kwamba baba yake, anayewinda kwa upinde, bado yuko kwenye kipandio cha chini.

Shule nayo haikuja peke yake. Katikati ya miaka ya 1960 serikali iliwakusanya Yaeda Chini ili "waendelee". Wengi waliugua, wengine wakafa, na waliobaki karibu wote wakarudi porini. Darasani lugha ni Kiswahili. Kihadzabe, chenye sauti za kugonga ulimi na kisicho na ndugu anayejulikana, kinaachwa nje ya mlango.

Sisemi hadithi ibaki kama jiwe. Hata wazee waliwaingiza wageni na chuma chao ndani yake, na hakuna aliyelalamika. Ila wao walikuwa wanaongeza.

Katika miaka ya 1930 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alikusanya ngano nyingi huko Eyasi. Zilitoka vitabuni mwaka 1956, kwa Kijerumani. Mwanafunzi wa Yaeda Chini anayetaka kulinganisha maneno ya mwalimu wake na ya wazee wa enzi zile, kwanza amtafute mtu wa kumsomea.