Boriti, Keekee na Mfaa: Useremala wa Pwani Katika Historia

Waandishi wengi walioitazama milango ya Unguja na Lamu wameanza na maua yake. Tangu F. R. Barton alipochapisha makala yake juu ya milango ya Unguja katika mwaka 1924, hoja kubwa imekuwa ni asili ya nakshi: samaki ametoka wapi, yungiyungi ni la Misri au la Bara Hindi, na mnyororo uliochongwa pembezoni mwa miimo una maana gani. Hoja hizo si za kudharauliwa, lakini zimelifunika swali lililozitangulia nakshi zote. Kabla seremala hajashika patasi kuchonga ua, alikuwa amekwisha kata shauri juu ya mti wenyewe: urefu wake, ukavu wake, na jinsi kipande kimoja kitakavyoshikana na kingine. Shauri hilo ndilo lililoijenga pwani. Ua lilikuja baadaye, na aghalabu kwa fedha za tajiri aliyetaka kuonekana.

Ushahidi wa jambo hili si mwepesi kuupata, kwa sababu jiwe hudumu na mti huliwa na mchwa. Katika magofu ya Gedi, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, milango imekwisha toweka na dari zimeanguka. Kilichobaki ni matundu katika kuta, mahali palipolazwa vichwa vya boriti, na matundu hayo yasema mengi. Mtu akivipima vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili ataviona kuwa ni virefu na vyembamba; urefu waweza kuwa wowote apendao mwenyewe, bali upana haukuzidi sana mita 3, na mara nyingi ulipungua hapo. Sababu yake ni boriti. Gogo la mkoko ni zito, gumu na lenye kunyoka, na mchwa hawalipendi; lakini dari ya pwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo mkubwa mno, na boriti ikirefushwa kupita kiasi hupinda katikati. Basi mwenye mali wa Kilwa aliyetaka nyumba kubwa aliongeza vyumba. Hakuweza kukipanua chumba. Hata katika Husuni Kubwa, jumba la kifalme la karne ya 14, vyumba vya kukaa vilifuata kipimo hicho cha mti.

Miti ya mikoko haikuwa kitu kimoja machoni mwa fundi. Mkoko wenyewe ulitoa boriti. Mkandaa ulitoa miti myembamba, na magome yake yalitiwa katika kazi ya ngozi na rangi. Mlilana, ambao hupinda, ulitafutwa na waundaji wa vyombo kwa ajili ya mataruma. Miti iliyokatwa ilipangwa kwa unene, fito kwanza, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, na nguzo juu ya zote. Ikauzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Kwa hesabu hiyo ilisafirishwa kutoka Lamu na delta ya Rufiji kwenda Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea, ambako watu waliiita chandal. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika chombo cha Kuwait msimu wa 1938 na 1939, akafika Rufiji na kuwaona mabaharia wakikata na kupakia miti hiyo kwenye matope ya mikoko. Hivyo chumba cha Kuwait kilikuwa na upana wa mti wa Rufiji. Wanaosoma historia ya bahari hii kwa hesabu za pembe na karafuu pekee hulipita jambo hilo bila ya kulitazama.

Ama zana, iliyo kubwa kwa heshima si msumeno wala randa, bali keekee. Hii ni zana ya kutobolea, nayo ina sehemu nne zenye majina yake. Chuma chenye ncha ndicho keekee hasa. Mti uliokishika chuma huitwa msukano. Kishikio cha juu, ambacho msukano huzunguka ndani yake, huitwa jivu. Na uta, ambao kamba yake huzungushwa kwenye msukano, ndio unaoendesha kazi. Fundi hulikandamiza jivu kwa kiganja cha mkono mmoja na kuuvuta uta kwa mkono wa pili, mbele na nyuma. Kwa kuwa chuma huzunguka huku na huku, hakiuli mti kwa nguvu. Huukwangua kidogo kidogo. Kazi ni ya polepole, lakini tundu lake ni safi, na laweza kutobolewa karibu kabisa na ukingo wa ubao pasipo kuupasua.

Umuhimu wa jambo hilo waonekana katika mtepe, chombo cha Lamu na visiwa vyake kilichoshonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari hata mmoja. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa katika Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, na Wareno wa Vasco da Gama waliviona tena Msumbiji katika mwaka 1498. Chombo cha namna hiyo ni matundu kwa mamia yaliyopangwa pembezoni mwa mbao, na kila tundu halina budi kuelekeana na mwenzake wa ubao wa pili. Vijiti vya mti vilipigiliwa kwa mshazari kupita katika maungo ili mbao zisiteleze. Ubao mmoja ukipasuka, kazi ya siku nyingi imepotea. Msumari ulipoenea katika majahazi haukuifukuza keekee, kama ambavyo mtu angedhani. Msumari upigwao moja kwa moja katika mbambakofi hupinda, au huupasua mti. Ilibidi tundu litobolewe kwanza, kisha msumari uzungushiwe pamba iliyotiwa mafuta ili maji yasiingie, ndipo upigiliwe. Chombo kipya kilihitaji zana ya kale.

Sasa mlango waweza kutazamwa kwa jicho la seremala. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alisifu milango ya Kilwa kwa kuchongwa vizuri na pia kwa kuungwa vizuri. Waliomtaja baadaye wameshika sifa ya kwanza na kuiacha ya pili. Hapana shaka kwamba milango mingi iliyosimama leo katika Mji Mkongwe wa Unguja ni ya karne ya 19, ile ya kizingiti kilichonyoka ikitangulia, na ile ya tao la nusu duara, yenye mkono wa Kihindi, ikifuata. Lakini maungo yake ni ya desturi moja. Miimo miwili huingia katika kizingiti cha juu na cha chini kwa ulimi na tundu, na tundu hilo huchimbwa kwa juba, patasi nene isiyoogopa nyundo. Ulimi ukikatwa katika mti mbichi husinyaa ukikauka, na fremu yote hulegea. Hii ndiyo sababu msaji wa Burma uliheshimiwa: huko mti hukatwa gome kwa kuuzunguka na kuachwa umesimama, miaka miwili au zaidi, mpaka ukauke, maana msaji mbichi ni mzito hata usielee mtoni. Mafuta yake huwafukuza mchwa, na ukikwisha kauka haubadiliki sana. Lakini una chembe ngumu kama mchanga ndani yake, hivyo hula makali ya zana, na fundi hutumia muda mwingi kwenye jiwe la kunolea. Mfenesi ni mwepesi zaidi kuuchonga, na mbambakofi ni mgumu na hudumu.

Mbao za milango hazikuning'inizwa kwa bawaba. Kila ubawa una ncha juu na chini, nazo huzunguka katika matundu ya vizingiti, hivyo uzito wote hukalia kizingiti cha chini. Wakati wa masika mbao huvimba; wakati wa kaskazi husinyaa, na baina ya bawa mbili hufunguka ufa. Ufa huo ndio ulioleta mfaa, ule mti wa katikati uliotiwa nakshi kuliko sehemu nyingine. Mfaa hushikamana na ubawa mmoja na kuufunika mwanya wa wote wawili. Watazamaji huuona kuwa pambo. Asili yake ni kifuniko.

Utawala wa boriti ulivunjwa mara moja na kwa kishindo. Sayyid Barghash alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 alitumia nguzo za chuma cha kusubu na mihimili ya chuma, na kumbi zikapanuka pasipo kuuliza urefu wa mkoko. Milango yake mikubwa ilichongwa vilevile kwa nakshi, bali nyuma yake nyumba ilikuwa imekwisha badili sheria. Katika karne ya 20 saruji na nondo ziliingia Ghuba pia, na soko la miti likapungua. Kenya nayo ikapiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nchi za nje katika mwaka 1982. Milango mingi imeng'olewa na kuuzwa, na fremu iliyotolewa ukutani haisemi tena chumba kilichokuwa nyuma yake kilikuwa na upana gani.

Iliyobaki mahali pake huoza kwanza chini, penye ncha na kizingiti, kwa sababu maji ya mvua hutuama pale. Fundi ajuaye hakibadilishi kizingiti chote. Huikata sehemu iliyooza mpaka afikie mti mzima, akatia hasho la mti wa namna ileile, uliokauka, huku nyuzi zake zikielekea upande mmoja na nyuzi za mti wa zamani. Hasho likikingamishwa, vipande viwili huvimba kwa njia mbalimbali, na baada ya masika chache ungo hufunguka tena.