Mteja Alikuja Kununua Mboga

Kila kijiwe cha vijana wanaochora mabango, wanaobuni nembo na majalada ya vitabu, nasikia wimbo mmoja: kazi tunaiweza, wateja hakuna. Uchumi unalaumiwa, serikali inalaumiwa, halafu wananchi nao wanaambiwa eti hawajui sanaa. Na mimi nimo humohumo. Tuko watatu katika chumba kimoja cha kupanga, tunagawana kompyuta moja. Lakini wimbo huo unanichosha, kwa sababu jiji hilihili la Dar es Salaam lilishamwona mtu asiye na ofisi wala cheti cha sanaa akipata wateja. Huyo ni Edward Saidi Tingatinga.

Alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Kama vijana wengi wa kusini enzi za ukoloni, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha miaka ya 1950 akaingia Dar es Salaam. Alifanya vibarua na kazi za nyumbani kwa Wazungu, akaishi Msasani. Kuchora picha za kuuza alianza mnamo 1968, akiwa mtu mzima. Inasimuliwa kwamba aliona picha za Wakongo zikiuzwa mjini, akajiambia: hata mimi naweza.

Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali, basi akachukua hadibodi, ile ya kupigilia dari, akaikata vipande vya mraba. Rangi akachukua ile ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Akachora chui, tembo, ndege na maisha ya kijijini. Hadi hapo, ndugu msomaji, hana tofauti na sisi: kazi ipo, mteja hayupo. Tofauti inaanzia kwenye swali alilojiuliza. Sisi tunauliza, nani atakuja? Yeye ni kama aliuliza, wenye pesa wanapita wapi?

Jibu lilikuwa Morogoro Stores, Oyster Bay. Mtaa ule ulikuwa uzunguni wakati wa mkoloni, na baada ya Uhuru wa 1961 waliendelea kukaa huko mabalozi, wataalamu wa kigeni na wakubwa wa serikali. Morogoro Stores walikwenda kutafuta mahitaji ya nyumbani: matunda, mboga, vitu vya jikoni. Hapo ndipo picha zilipopangwa, na mkewe Agatha akasaidia kuziuza. Angalia ujanja wake, bwana! Mteja hakutoka nyumbani kutafuta sanaa. Alikuja kununua mboga, mfuko uko mkononi, pesa ndogo zimebaki, macho yakagongana na chui wa njano. Mgeni anayekaribia kurudi kwao anataka kitu cha kukumbuka Afrika, kisichomfilisi na kinachoingia kwenye sanduku. Kipande cha hadibodi kilimtosha.

Mteja wa pili alikuwa wa aina nyingine. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara nyingi ziliingia mikononi mwa mashirika ya umma, na chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa ikawapo kampuni ya kushughulikia kazi za sanaa. Nayo ikaanza kununua picha zake. Tazama mfuatano huo: kwanza aliuza barabarani mpaka kazi ikajulikana, ndipo mteja mkubwa akaja. Wengi wetu tunataka kuanzia kwa mkubwa, tunapeleka barua wizarani, tunasubiri majibu mpaka tunazeeka.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu waliyekuwa wakimsaka. Akafa. Muda wote wa kuchora kwake ulikuwa kama miaka minne tu. Kwa hesabu za kawaida biashara ilipaswa kuzikwa naye. Haikuzikwa, kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa amefundisha wengine, wakiwemo January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kaspar Tedo na Simon Mpata, wengi wao ndugu na jamaa. Pili, wateja walishaizoea ile sehemu. Wanafunzi waliendelea palepale Morogoro Stores, wakavuta jamaa wengine, na mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Jina la marehemu likageuka kuwa jina la mtindo. Mwaka 2010 hata katuni za watoto, Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi, zilionyeshwa na BBC.

Lakini tusidanganyane, kila soko lina kodi yake. Mtalii akipenda twiga, kesho zinachorwa twiga kumi. Leo picha za mtindo huo zimejaa mpaka Arusha na Zanzibar, nyingine zimechorwa na watu wasiohusika kabisa na ushirika ule, na jina halina kufuli. Nasema hivi si kwa kuwadharau wachoraji. Wamesomesha watoto kwa brashi hiyo. Nasema kwa sababu mteja unayemchagua leo ndiye atakayeshika mkono wako kesho. Mgeni alinunua, Mswahili wa Kariakoo akapita tu, na picha zikaendelea kumtazama mgeni.

Ndiyo maana mimi na wenzangu tumekubaliana tuanze na wale wanaopita barabara yetu wenyewe: mama mwenye mgahawa anayehitaji ubao wa bei, fundi cherehani asiye na nembo, shule ya chekechea yenye ukuta mtupu. Tunakwenda kwao asubuhi kabla hawajabanwa na kazi, tumeshika sampuli, bei imeandikwa. Pesa yao ni ndogo, kweli. Ila wao ndio tunaotaka watushike mkono. Wewe mwenzangu, barabara yako wanapita akina nani?