Jules Verne aliipanda Great Eastern, lakini Karagwe aliiandika bila kufika

Karagwe imo ndani ya riwaya iliyomtoa mwandishi Mfaransa Jules Verne. Kitabu kinaitwa Cinq semaines en ballon, yaani Wiki Tano Ndani ya Puto. Kilitoka Januari 1863, na sura yake ya 18 inafunguliwa kwa jina la Karagwe. Kumbe mwandishi mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko, wala popote Afrika Mashariki.

Haya ndiyo ya kufahamu.

Safari inaanza kwa meli

Kwenye riwaya, Dk Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy na mtumishi wao Joe wanaondoka London Februari 1862 kwa meli ya mvuke, Resolute. Wanazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika Zanzibar katikati ya Aprili. Hapo puto lao, Victoria, linajazwa haidrojeni.

Aprili 18 wanapaa. Ndani ya wiki moja tu wako juu ya vilima vya Karagwe. Kutokea Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa wakati huo, wanaliona Ziwa Victoria kwa mbali. Baada ya hapo wanakatisha bara zima hadi Senegal.

Aliyapata wapi?

Vitabuni. Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Tabora miaka ya 1857 na 1858, wakaandika waliyosimuliwa na wafanyabiashara Waarabu kuhusu nchi za kaskazini. Verne akachukua humo.

Ndiyo maana baadhi ya mambo yana ukweli. Riwaya inataja wanawake wa Karagwe walionenepeshwa kwa maziwa. Speke alipofika mwenyewe alithibitisha desturi hiyo kwenye familia ya mfalme.

Wakati huohuo, Karagwe ya kweli

Speke na mwenzake James Grant walianza safari Bagamoyo Oktoba 1860. Walifika kwa Mfalme Rumanyika Novemba 1861. Zaidi ya mwaka mzima, tena kwa miguu.

Rumanyika aliwapokea vizuri. Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Buganda. Grant alibaki akiuguza mguu, akaondoka Aprili akiwa amebebwa kwenye machela. Yaani puto la Verne "linapita" Karagwe mwezi uleule ambao Mwingereza wa kweli alikuwa ndiyo kwanza ameagana na mfalme.

Verne hakuweza kuyajua hayo. Kitabu chake kilitoka kabla taarifa za Speke na Grant hazijafika Ulaya.

Kilichokosekana

Hapa ndipo penye tatizo. Kwa Verne, Karagwe ni mandhari ya kutazama kutoka juu. Puto linapita, halishuki, na hakuna Mnyambo anayeongea. Kwingine hali ni mbaya zaidi: watu wa Tabora wanachorwa wakidhani puto ni mwezi umeshuka, na Waafrika wengi kitabuni ni washenzi au maadui.

Lakini chini ya puto hilo kulikuwa na ufalme wenye ikulu, biashara na mafundi chuma. Henry Stanley, aliyefika mwaka 1876, alieleza hazina ya Rumanyika: mikuki, na sanamu za ng'ombe za shaba. Ng'ombe ndiye aliyekuwa alama ya utajiri na heshima, na mafundi walimtengeneza kwa chuma.

Meli aliipanda kweli

Machi 1867 Verne na mdogo wake Paul walipanda Great Eastern kutoka Liverpool kwenda New York. Ilikuwa meli kubwa kuliko zote duniani, urefu wa mita 211, iliyojengwa kubeba abiria 4,000. Safari hiyo ikazaa riwaya nyingine mwaka 1871, Une ville flottante, yaani Mji Unaoelea.

Humo kuna mapenzi, ugomvi na pambano la panga linalokatishwa na radi. Hayo ni ya kubuni. Lakini meli yenyewe, mawimbi na mitaa ya abiria ni vitu alivyoviona kwa macho. Karagwe haikupata bahati hiyo.

Leo

Eneo la ufalme wa zamani leo limegawanyika. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012. Mto Kagera, unaoitenganisha Kyerwa na Rwanda na Uganda, ndio mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, na maji yake ni sehemu ya jibu la swali lililowahangaisha Speke na Verne: Nile inaanzia wapi?

Jina la Rumanyika nalo halijapotea. Mwaka 2019 zilitangazwa Hifadhi za Taifa Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa.

Riwaya ya Verne bado inasomwa duniani, na hakimiliki yake ilishakwisha, hivyo inapatikana bure mtandaoni. Kwa kijana wa Kayanga au Rubwera mwenye simu na bando, inafaa kuisoma. Ila aisome akijua kwamba aliyeiandika hakuwahi kuuliza njia kwa mtu yeyote wa Karagwe.