Nani Alitia Nini Ndani ya Petroli? Historia Fupi kwa Sisi Wenye Pikipiki



Kuna ubishi ambao umezunguka sana kati yetu vijana tunaoishi kwa kabaza. Ile chupa ndogo ya dawa ya kutia kwenye tangi, inasaidia kweli au inakula pesa tu? Na petroli iliyokaa kwenye kidumu tangu foleni ya miezi iliyopita, bado ni petroli? Wengine wanasema injini bila dawa haidumu. Wengine wanasema ile ni maji ya rangi. Tukaona badala ya kushindana kwa sauti, turudi nyuma tuangalie hizo dawa zilitoka wapi, nani alizileta na kwa sababu gani. Maana ukishajua dawa ilitengenezwa kwa ugonjwa gani, unaweza kujiuliza kama wewe unao.

Petroli ilianza kama takataka

Miaka ya 1860 na 1870, waliochimba mafuta walikuwa wanatafuta mafuta ya taa. Petroli ilijitokeza tu pembeni. Ilikuwa inashika moto haraka mno kwa taa, kwa hiyo nyingi ilimwagwa, na kidogo kiliuzwa kwa kusafishia madoa ya nguo. Mwaka 1888, Bertha Benz alipoendesha gari alilobuni mume wake kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, mafuta yalipungua njiani, akanunua mengine kwenye duka la dawa mjini Wiesloch. Vituo vya mafuta havikuwepo, na wala hakuna aliyefikiria kuichanganya na kitu.

Shida ilikuja magari yalipoongezeka. Petroli inayopatikana kwa kuchemsha mafuta ghafi peke yake haikutosha. Mwaka 1913 huko Marekani, William Burton alipata hati ya njia yake ya kuvunjavunja mafuta mazito kwa joto na mgandamizo ili yatoe petroli zaidi. Kila pipa likatoa petroli karibu mara mbili.

Lakini petroli hii mpya ilikuwa na tabia mbaya. Ikikaa, inachanganyika na hewa na kufanya utomvu, yaani gundi ya rangi ya kahawia inayoshika kwenye kuta za tangi na kuziba mirija. Ndipo kwenye miaka ya 1930 viwanda vikazoea kutia dawa za kuzuia petroli isiharibiwe na hewa. Hapo ndipo ilipoanza historia ya petroli iliyolala. Tuzingatie jambo moja: dawa hiyo ilitiwa kiwandani, petroli ikiwa bado mbichi. Kazi yake ni kuchelewesha utomvu. Utomvu ukishafanyika, haiurudishi kuwa petroli.

Risasi

Shida ya pili ilikuwa kugonga. Petroli dhaifu ikibanwa sana ndani ya silinda, inawaka yenyewe kwa wakati usiofaa, na unasikia injini inalia kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Waliotaka injini zenye nguvu zaidi walihitaji petroli inayovumilia kubanwa.

Tarehe 9 Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors huko Dayton waligundua kwamba kiasi kidogo sana cha kemikali yenye madini ya risasi kinazima kugonga. Februari 1923 ikaanza kuuzwa mjini humohumo. Waliipa jina la Ethyl, na neno risasi halikuonekana kwenye jina hilo.

Hapa tunaomba msimame kidogo. Watafiti hao walijua kwamba pombe ya miwa au mahindi, yaani etanoli, nayo inazima kugonga. Lakini pombe kila mtu anaweza kuipika, huwezi kuifungia hati ukaimiliki. Ile ya risasi iliwezekana kumilikiwa.

Na sumu yake haikuwa siri. Midgley mwenyewe aliugua kwa risasi na kulazimika kupumzika mwanzoni mwa 1923. Oktoba 1924, kwenye mtambo wa Bayway, New Jersey, wafanyakazi waliokuwa wakiitengeneza walianza kuchanganyikiwa akili, wengine wakafungwa wasijiumize, na watano wakafa. Siku chache baadaye Midgley aliita waandishi wa habari, akaimimina mikononi na kuinusa mbele yao ili kuonyesha haina neno. Mauzo yalisimamishwa mwaka 1925, yakarudi mwaka uliofuata. Dunia nzima ikaivuta hewa hiyo kwa miongo mingi.

Aliyeufungua mjadala upya ni Clair Patterson, mtaalamu aliyekuwa akipima risasi kwenye mawe ili kujua umri wa dunia. Vipimo vyake vilikuwa vinachafuliwa na risasi iliyokuwa kila mahali, na mwaka 1965 aliandika wazi kwamba binadamu wa leo amebeba risasi nyingi kuliko ile ya asili. Utafiti wa baadaye ukaonyesha kwamba wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo.

Marekani na Ulaya walianza kuiondoa kuanzia miaka ya 1970. Sisi Afrika tuliendelea kuuziwa. Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kuahidi kuiondoa, na kufikia tarehe 1 Januari 2006 eneo lote lilikuwa limeacha. Ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba kuiondoa kunazuia vifo zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Kwa Kiswahili neno ni hilo moja, risasi. Wengi wetu wazazi walitukimbiza na ile ya bunduki, wakati hii nyingine ilikuwa inatoka kwenye bomba la gari lililotubeba.

Wapo mafundi wa zamani wanaosema pikipiki bila risasi zinakufa valvu. Kwa injini za zamani sana kulikuwa na ukweli, kwa sababu risasi ililainisha mahali valvu inapokaa. Pikipiki tunazoendesha leo zimetengenezwa kwa chuma kigumu mahali hapo. Hiyo hofu tuiache.

Malawi na pombe ya Dwangwa

Sasa turudi hapa tunapoishi. Malawi haina bahari wala kisima cha mafuta. Bei zilipopanda miaka ya 1970, nchi ilibanwa kweli. Mwaka 1982 kiwanda cha Dwangwa, wilaya ya Nkhotakota kando ya ziwa, kilianza kutengeneza etanoli kutoka kwenye molasi ya kiwanda cha sukari, na etanoli hiyo ikaanza kuchanganywa na petroli. Miaka michache baadaye vita vya Msumbiji vilikata reli za Beira na Nacala, na mafuta yakawa yanazunguka mbali. Vita hivyohivyo vilileta hapa wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka Msumbiji, kabla Dzaleka haijawa kambi mwaka 1994. Kwa hiyo hadithi ya petroli ya nchi hii na hadithi ya wakimbizi zimepita barabara moja.

Maana yake kwa pikipiki yako ni hii. Petroli iliyochanganywa na etanoli tayari ina dawa ya kuzuia kugonga. Ukinunua chupa ya kuongeza oktani, unaongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kutiwa chumvi. Injini zetu ndogo za 125 na 150 hazibani sana, petroli ya kawaida inawatosha hata matajiri wenye injini kama hizo.

Lakini etanoli ina udhaifu wake: inanywa maji, hata ya unyevu wa hewani. Maji yakizidi, yanajitenga pamoja na pombe na kushuka chini ya tangi, kule kule bomba linakochotea. Hapo utapiga kiki mpaka jasho likutoke.

Basi tukate shauri

Pikipiki inayotembea kila siku inamaliza tangi kwa siku moja au mbili. Petroli yake haipati hata nafasi ya kuzeeka. Mwenye pikipiki hiyo, pesa ya chupa ni afadhali anunue oili mpya na asafishe kichujio cha hewa.

Petroli ya kidumuni ni habari nyingine. Ikifungwa vizuri na kukaa kivulini, hesabu miezi mitatu hadi sita. Kifuniko kikiwa kimelegea na jua linapiga, inaharibika mapema zaidi, kwa sababu ile sehemu nyepesi inayowaka haraka inapaa kwanza. Ikinuka kama rangi ya mbao na kuwa nyeusi, usiitie. Utomvu wake utaziba tundu la kabureta ambalo ni jembamba kuliko sindano ya kushonea, na hakuna chupa itakayoufufua.

Na jamani, kidumu kisilale ndani ya nyumba. Mvuke wa petroli unatambaa chini mpaka ulipo mkaa, na nyumba zetu zimebanana. Petroli mbovu pia isitiwe kamwe kwenye taa wala jiko eti ni mafuta ya taa. Inalipuka.

Anayekuuzia petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, naye ametia kitu kwa faida yake. Utaona moshi, injini inagonga, plagi inakuwa nyeusi. Tatizo hilo linatibiwa kwa kubadilisha muuzaji.

Ninyi ndugu wa mashirika, kuna mahali dawa ya kuhifadhi petroli inafaa: pikipiki na jenereta zinazokaa miezi mingi zikisubiri mradi mpya. Itieni kwenye petroli mbichi, muwashe injini dakika chache ili ifike kwenye kabureta. Au fungueni skrubu ya chini ya kabureta mmwage yote, hiyo haina gharama. Na zile pikipiki za zamani za mipigo miwili, kama Yamaha AG100, msidanganyike: oili inayoungua pamoja na petroli ni lazima. Ikikosekana, pistoni inakwama.

Tulichojifunza ni kwamba kila kitu kilichotiwa ndani ya petroli kilikuwa na mtu aliyepata faida, na mara nyingi aliyelipa alikuwa mtu mwingine. Kwa hiyo ukishikishwa chupa, uliza inatibu nini, na mwambie muuzaji akuonyeshe huo ugonjwa kwenye injini yako.

Kama baba au mama yako aliendesha lori au pikipiki kwenye barabara za Dar es Salaam, Mbeya na Karonga miaka ya 1980, muulize mafuta yalipatikanaje, kisha tuandikie. Makala inayofuata tunataka ijengwe na kumbukumbu zao.