Suke lilisimama wapi? Mtama, kisu na historia ya kuvuna kwa mkono



Mara ya kwanza bibi yangu kunikabidhi kazi ya kuchagua mbegu ya mtama, nilikuwa nimemaliza shahada ya kwanza na nilijiona mjuzi. Ilikuwa Juni, huko Magu, kwenye shamba lisilofika ekari moja, upepo wa ziwa ukivuma kutoka Ghuba ya Speke. Nikapita na kisu, nikakata masuke makubwa kuliko yote, nikampelekea kwa fahari.

Akayapokea moja moja, na kwa kila moja akauliza kwa Kisukuma swali lilelile: "Hili lilisimama wapi?"

"Pembeni, karibu na njia."

Akaliweka kando. "Na hili?"

"Kwenye kichuguu."

Kando. Nusu ya masuke yangu yakaenda kupurwa na kuliwa. Nilipolalamika akacheka. "Mjukuu wangu, aliyekaa peke yake pembeni hana wa kugombania naye chakula, lazima anenepe. Mimi nataka lililonenepa katikati ya wenzake."

Miaka michache baadaye, nikisoma shahada ya uzamili, nilikutana na jambo hilohilo darasani. Watafiti wa mbegu hawapimi mistari ya pembeni ya shamba la majaribio, kwa sababu mmea wa pembeni hupata mwanga, maji na rutuba zaidi ya wenzake. Ukubwa wake unaweza kuwa wa mahali tu, haumo kwenye mbegu. Kumbe bibi alikuwa ameshanifundisha, ila sikuwa nimeandika.

Tukisema "wanavuna kwa mkono", wengi wetu tunasikia "bado hawajapata mashine". Leo naomba tuangalie upande mwingine. Mkono unaokata suke umefanya kazi kubwa kuliko kujaza kihenge: ndio uliolitengeneza zao lenyewe.

Mtama wa porini haukutaka kuvunwa

Tuanze mbali kidogo. Mtama wa porini una tabia moja inayoufaa wenyewe na inayomkera mwenye njaa: punje zikikomaa, zinadondoka. Kwenye kikonyo cha kila punje kuna tabaka la seli ambalo hulegea na kukatika, mbegu inaanguka chini na mvua ijayo inaota. Tena hazikomai siku moja. Leo chache, kesho chache.

Sasa fikiria watu wawili wanaovuna majani hayo. Wa kwanza anashika kikapu chini ya suke na kulitikisa. Anapata punje zinazodondoka kirahisi. Wa pili anakata suke zima na kulibeba nyumbani. Njiani na kwenye kukata, punje zilizolegea zinamwagika. Zinazofika nyumbani kwa wingi ni zile zilizong'ang'ania, zikiwemo chache zenye hitilafu ya kurithi inayozuia lile tabaka kukatika. Porini hitilafu hiyo ni balaa, maana mbegu inabaki juu na kuliwa na ndege. Lakini kwa mkataji suke ndiyo bahati. Msimu ujao anapanda kutoka kwenye akiba yake, na akiba hiyo ina punje nyingi kidogo za aina inayong'ang'ania. Rudia hivyo vizazi kwa vizazi na utapata mmea ambao hauwezi tena kujipanda bila binadamu.

Hakuna aliyekusudia. Namna ya kuvuna ndiyo iliyochuja.

Ushahidi upo. Mashariki mwa Sudan, karibu na Kassala, kuna eneo la kale linaloitwa KG23. Wafinyanzi wa pale walichanganya makapi ya nafaka kwenye udongo wa vyungu, na alama za makapi hayo zikabaki kwenye vigae. Mwaka 2017 Frank Winchell na wenzake walichapisha uchunguzi wa vigae hivyo, vya kati ya mwaka 3500 na 3000 KK. Walikuta vikonyo vya aina mbili: vilivyokatika vyenyewe kwa ulaini, kama vya porini, na vilivyochanwa kwa nguvu wakati wa kupura. Yaani walikuta mtama ukiwa katikati ya safari ya kufugwa.

Wataalamu wa jenetiki nao wamechangia. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba jeni iitwayo Sh1 ndiyo inayohusika na kudondoka kwa punje za mtama, na kwamba mitama inayolimwa ina mabadiliko matatu tofauti katika jeni hiyohiyo. Maana yake, mchujo wa mavuno uliokota bahati ya aina hii zaidi ya mara moja.

Mpaka kwenye ziwa letu

Kutoka huko nafaka zilisafiri. Uwele ulianza kufugwa upande wa Mali, kwenye bonde la Tilemsi, karibu miaka 4,500 iliyopita. Ulezi ni wa kwetu zaidi, wa nyanda za juu za Afrika Mashariki kuanzia Ethiopia hadi Uganda. Magharibi mwa Kenya, kaunti ya Busia, kwenye pango la Kakapel, watafiti walichuja udongo na kupata mbegu zilizoungua. Matokeo ya mwaka 2024 yanaonyesha kunde zilikuwepo karibu miaka 2,300 iliyopita, na ulezi na mtama angalau miaka 1,000 iliyopita. Kuzunguka ziwa hilihili waliishi pia mafundi wa utamaduni wa Urewe, waliofinyanga vyungu vyao maarufu na kuyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Chuma maana yake jembe, na pia kisu.

Siku ya kuvuna

Turudi Magu. Unajuaje kwamba mtama, au busiga kwa Kisukuma, umekomaa? Kwenye vitabu tunaambiwa tuangalie doa jeusi chini ya punje. Doa hilo linaonyesha kwamba njia iliyokuwa ikiingiza chakula imefungwa. Wakati huo punje bado ina unyevu wa karibu asilimia 30, na kwa kuhifadhi inatakiwa ishuke mpaka 12 au 13 hivi. Bibi haangalii doa. Anaing'ata punje na kusikiliza mlio.

Bua la mtama wa asili hukupita kimo. Unaliinamisha kwa mkono wa kushoto, unakata suke kwa mkono wa kulia, unaliachia bua. Machipukizi yaliyochelewa unayaruka, utayarudia wiki ijayo. Hapa mkono unafanya kitu ambacho mashine haiwezi: kuvuna shamba mara mbili au tatu bila kuharibu kilichobaki. Ndiyo maana kunde na njugu zinaweza kukua katikati ya mtama bila wasiwasi. Kisiwani Ukara, maafisa kilimo wa kikoloni walioandika miaka ya 1930 walishangazwa na wakulima waliopanda marejea ndani ya uwele. Uwele ukishavunwa, marejea yanaendelea kukua, kisha yanafukiwa kuwa mbolea.

Masuke yanaanikwa juu ya mawe. Mwanza tumejaliwa mawe, na mwamba uliopigwa na jua hukausha kutoka chini na juu. Kisha kupura kwa fimbo, kisha kupeta kwa ungo upepo ukija. Makapi yanakuwasha shingo mpaka usiku, hilo nisikufiche.

Na kabla ya yote hayo kuna kwelea. Ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na anakula karibu gramu 10 za punje kwa siku. Unaona ni kidogo? Kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kwa siku. Ndiyo maana watoto hulinda shamba wakiwa na kombeo na bati la kugonga, na ndiyo maana wakulima wengi hawajauacha mtama mwekundu wenye tanini. Mlaji anaona uchungu, na kwelea naye anaona hivyohivyo.

Baada ya mavuno ndipo ngoma zinaanza, Bagika na Bagalu wakishindana, na pale Bujora wanasherehekea Bulabo. Mwenye kihenge kilichojaa ndiye mwenye nguvu za kucheza.

Kwa nini jicho la bibi linafanya kazi

Sasa swali la kisayansi: ukichagua suke zuri, mtoto wake atafanana naye? Kwa mtama, mara nyingi ndiyo. Ua la mtama hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa. Inayochanganyika na jirani ni asilimia chache, mara nyingi kati ya 5 na 15. Uwele ni kinyume, unachanganyika sana, na kuushikilia ubaki vilevile ni kazi ngumu zaidi.

Suke moja la mtama laweza kuwa na punje 1,000 mpaka 3,000. Kwa hiyo masuke thelathini yanatosha kabisa shamba dogo, na kila suke ni uamuzi mkubwa. Lakini uamuzi huo unafanyika likiwa bado limesimama. Ukilikuta kwenye lundo unaona ukubwa tu. Huoni kama bua lake lililala upepo ulipopiga, kama kiduha kilikuwa kimeota kwenye mizizi yake nalo likazaa hivyohivyo, kama lilikomaa mapema mvua ilipokatika. Swali la "lilisimama wapi?" linabeba habari hizo zote.

Mashine nayo inachagua

Usidhani mashine haina upendeleo. Marekani, kwenye majimbo kama Texas, mtama mrefu uliotoka Afrika ulikuwa hauingii kwenye mashine ya kuvuna. Walichofanya, hasa miaka ya 1930 na 1940, ni kuchagua mtama mfupi, wenye kimo kimoja na unaokomaa pamoja. Wakafanikiwa, na mavuno ni makubwa. Lakini ona kilichotokea: kisu kiliumba mtama unaong'ang'ania punje, mashine ikaumba mtama wa kimo kimoja. Kila chombo kinaacha alama yake kwenye zao.

Huku kwetu kilichobadilika zaidi ni mahitaji ya mikono. Pamba ilipopanuka Usukumani baada ya Vita Kuu ya Pili, mpaka wakulima wakaunda shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, msimu wa kuchuma pamba uligongana na msimu wa kukata mtama. Mikono ni ileile. Mahindi yakawa jibu rahisi: hayahitaji mlinzi, maana yamejifunika maganda na kwelea hayawezi. Mihogo nayo inasubiri ardhini mpaka upate nafasi. Watoto wakaenda shule, jambo jema kabisa, na shamba likakosa walinzi. Simlaumu aliyeacha mtama. Nasema tu kwamba pamoja na mtama kuna kazi nyingine iliyoachwa, kazi isiyoonekana.

Benki za mbegu zipo. ICRISAT huko India wanahifadhi zaidi ya sampuli 35,000 za mtama, na Arusha tuna kituo chetu cha taifa. Ni kazi ya thamani. Lakini mbegu iliyo kwenye baridi kali haikutani na ukame wa mwaka huu wala kiduha cha mwaka huu. Imesimama pale ilipoingia. Shambani Magu uchaguzi unaendelea kila Juni, mradi yupo anayejua kuchagua.

Bibi sasa macho yamepungua na hafiki tena shambani. Mwaka huu nilikata mimi, masuke thelathini, na safari hii nilikwepa pembeni na kichuguu. Nikamletea barazani. Akayapapasa moja moja, akayanusa, akaniuliza swali lake. Kwa masuke ishirini na moja nilikuwa na jibu. Kwa tisa nilikuwa nimesahau.

Yale tisa tumeyala. Ishirini na moja yananing'inia jikoni, juu ya moshi, yanasubiri mvua ya Novemba. Mwakani nitakwenda shambani na daftari.

Nawe kama una bibi au babu aliyewahi kuchagua mbegu, mfuate shambani akiwa bado anafika. Usimuulize barazani.