Mbegu ya Mchicha, Mbegu ya Kabichi

Historia ya kilimo cha Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa karafuu, mkonge, kahawa na pamba, kwa kuwa hayo ndiyo mazao yaliyopita forodhani yakahesabiwa. Mchicha haukupita forodhani. Ulikuwa uani, na mbegu yake ilikuwa jikoni. Mmea mmoja ulionawiri uliachwa bila kuchumwa hadi ukatoa masuke; masuke yakaanikwa, yakapukuswa, yakapepetwa, na chembe zile nyeusi zinazong'aa zikatiwa kibuyuni. Kunde zilichanganywa na majivu zisitobolewe na fukusi. Bamia ziliachwa mtini hadi zikakauka na kupasuka. Kazi hiyo ilikuwa zaidi ya wanawake, na pengine ndiyo maana nyaraka zimeinyamazia.

Kisha ikaja kabichi. Mboga hiyo ya Ulaya haitoi maua mpaka ipitiwe na majuma kadhaa ya baridi. Mkulima wa Tanga au Malindi aweza kuipanda, lakini mbegu hapati, hata awe hodari namna gani. Hivyo pakiti ya dukani iliingia bustanini kwa amri ya maumbile kabla ya amri ya serikali, jambo ambalo wanaoisimulia historia hii kama hila tupu ya wakoloni hulipita upesi mno.

Amri ya serikali nayo haikukosekana. Kampuni ya mbegu ya Kitale ilianzishwa mwaka 1956, kwanza kwa ajili ya mbegu za malisho ya walowezi. Mwaka 1972 Kenya ilitunga sheria ya mbegu, na marekebisho ya 2012 yakafanya kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kuwa kosa la kifungo na faini iliyoweza kufika shilingi 1,000,000. Hoja ilikuwa kumlinda mkulima na mbegu bandia, nayo si hoja ya kubezwa. Lakini wavu huo uliowalenga walaghai ulimnasa pia jirani anayempa jirani ukufi wa mbegu za mnavu.

Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Ruhusa imerudi. Ila mbegu ya mchicha iliyowekwa kibuyuni huota vizuri kwa miaka michache tu, na nyumba iliyoacha kuipanda mwaka 2012 haina tena cha kumgawia jirani.